Mikono Mingi, Mgonjwa Mmoja



Mtu arejeapo nyumbani kutoka hospitali kumtazama mgonjwa, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Daktari amesemaje?" Haulizwi asilani muuguzi wa usiku amesemaje, wala mpimaji wa damu, wala mtoa dawa. Mgonjwa akipona, sifa zote ni za daktari. Akizidiwa, lawama zote ni juu ya daktari. Mwezi huu twapenda kuizungumza fikira hii, kwa kuwa ina upungufu mkubwa, na upungufu wenyewe si wa maneno tu, bali huweza kumdhuru mgonjwa wetu. Ukweli ni kwamba mgonjwa wa hospitali hatibiwi na mtu mmoja. Hutibiwa na jamaa nzima ya watu wanaopokezana, na usalama wake hutegemea jinsi watu hao wanavyoambiana na kusikilizana. Na sisi wa nyumbani, tupende tusipende, tumo katika jamaa hiyo.

Na tuanze hapa hapa kwetu Machame. Tuseme kwamba mama mja mzito ameshikwa na uchungu usiku, na mkunga wa zahanati ameona kuwa mtoto hapiti. Mkunga huandika barua ya rufaa. Dereva humchukua mama kwa gari mpaka hospitali ya Machame, ile ya Kanisa la Kilutheri, ambayo watu wa dini zote huitegemea. Pale hupokewa na tabibu. Muuguzi humpima shinikizo la damu. Mtu wa maabara hutazama kundi la damu yake. Mwenye dawa hutoa dawa. Ikiwa hana budi kupasuliwa, yupo mtaalamu wa usingizi wa kumlaza na kumlinda pumzi, yupo mpasuaji, yupo muuguzi wa kumpokeza mpasuaji vyombo na kuvihesabu, yupo mkunga wa kumpokea mtoto. Na kabla ya wote hao kuingia, yupo mhudumu aliyekisafisha chumba, na mwenziwe aliyevitia vyombo katika mvuke ili kuua vijidudu. Hao wamekwisha kupita kumi, na jua bado halijachomoza.

Na shida ikizidi, mama huyo huteremshwa mpaka njia panda ya Machame, hapo barabara ya Arusha na Moshi ipitapo, kisha hupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko hupokewa na mikono mipya kabisa, isiyomjua jina lake wala asili ya maradhi yake, illa kwa yale yaliyoandikwa na yale yatakayosemwa.

Anayeijua KCMC ajua pia kwamba pale hufundishwa kazi nyingi zaidi ya udaktari. Tangu mwaka 1981 kipo chuo cha mafundi wa viungo vya bandia, ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Na tangu mwaka 1992 kipo chuo cha maradhi ya ngozi. Twataja chuo cha viungo kwa sababu kinaonyesha wazi maana ya kazi ya pamoja. Mtu akikatwa mguu, mpasuaji ndiye akataye, muuguzi ndiye aoshaye jeraha, mtaalamu wa mazoezi ndiye afundishaye misuli iliyobaki, na fundi ndiye atengenezaye mguu mpya. Mpasuaji akikata bila kufikiri fundi atakavyoufunga mguu ule, kigutu huweza kupona vizuri sana na hata hivyo kisifae kuvishwa chochote. Kila mmoja atakuwa ametimiza kazi yake, na mgonjwa atabaki na magongo.

Watu wa mlimani hatuna haja ya kutafuta mfano wa jambo hili mbali, kwa kuwa mababa zetu walituachia mifongo, na mingine ingali ikitumika hata leo. Mfongo hutolewa mtoni juu kabisa, ukapitishwa kwenye mteremko mpaka kwenye mashamba ya migomba yaliyo chini. Siku ya kuusafisha kila mtu hupewa kipande chake. Na kila aliyewahi kushika jembe katika kazi hiyo ajua ya kuwa maji hayapotei sana katikati ya kipande cha mtu, kwani pale kila mmoja huona fahari ya kazi yake. Hupotea pale ambapo kipande cha mmoja chakoma na cha mwenziwe chaanza. Huyu hudhani yule ataziba, na yule hudhani huyu amekwisha ziba; na mwenye shamba la chini hupata tope.

Hospitali nayo ni vivyo hivyo. Pahali pa khatari ni pale mgonjwa anapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine: kutoka zahanati kwenda hospitali, kutoka chumba cha upasuaji kwenda wodini, kutoka zamu ya usiku kwenda zamu ya asubuhi. Hapo ndipo khabari hudondoka njiani. Dawa iliyokwisha kutolewa hutolewa mara ya pili. Dawa iliyokuwa itolewe saa kumi na mbili haitolewi na mtu yeyote. Homa iliyopanda alfajiri haimfikii daktari illa mchana. Kwa ajili hiyo wauguzi hufundishwa kukabidhiana zamu kwa utaratibu: huyu ni nani, anaumwa nini, ametendewa nini, kimebaki nini, na jambo gani la kuangaliwa sana. Basi msomaji ukiwakuta wauguzi wawili wamesimama kando ya kitanda wakizungumza kwa dakika kadhaa asubuhi, usiseme, "Tazama wanavyopiga soga na wagonjwa wanangoja." Huenda dakika hizo ndizo zitakazomwokoa mgonjwa wako.

Sasa tutoke kidogo mlimani twende Ifakara, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kwani huko nchi yetu ilishiriki katika jambo ambalo dunia nzima ililitazama. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilitaka kujua kama watu wa chumba cha upasuaji wakisimama pamoja na kuulizana maneno machache kwa sauti, wagonjwa watapata nafuu zaidi. Hospitali nane zilichaguliwa katika miji minane: London, Seattle, Toronto, Auckland, New Delhi, Manila, Amman ya nchi ya Jordan, na Ifakara yetu, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Hazikupewa mashine mpya ya ajabu wala dawa mpya. Zilipewa karatasi moja yenye mambo 19.

Karatasi hiyo husomwa mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi: ni yeye hasa, na anapasuliwa wapi, na je, kuna dawa ambayo mwili wake huikataa? Mara ya pili ni kabla ya kisu kugusa ngozi: kila mmoja aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake, kisha mpasuaji husema atafanya nini na jambo gani laweza kuharibika. Mara ya tatu ni kabla ya mgonjwa kutolewa: vyombo, sindano na vitambaa vyahesabiwa kama vimetimia, ili kisisahauliwe kitu ndani ya tumbo la mtu.

Matokeo yalichapishwa mwezi wa Januari mwaka 2009. Kabla ya karatasi hiyo, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa katika hospitali hizo walikufa 15. Baada yake walikufa 8. Na waliopata madhara makubwa walikuwa 110 katika kila 1,000. Wakashuka mpaka 70. Fikiri, ewe ndugu, nyumba ngapi zilisalimika na msiba kwa sababu ya watu kuulizana.

Huenda msomaji akauliza: kutaja majina kwafaa nini? Watu wazima, wasomi, wafanyao kazi pahali pamoja, wana haja gani ya kuambiana, "Mimi ni fulani, muuguzi"? Jawabu ni kwamba mtu aliyekwisha kuisikia sauti yake mwenyewe chumbani mle huona wepesi wa kusema tena aonapo khatari. Na aliyenyamaza tangu mwanzo huzidi kunyamaza. Mdomo uliofungwa kwa heshima ni mgumu kufunguka ghafla.

Na kunyamaza huko kumekwisha kuua watu. Mwaka 2005 huko Uingereza, mama mmoja mwenye watoto wadogo alilazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji mwepesi wa matundu ya pua. Njia yake ya pumzi ikaziba. Madaktari waliokuwapo walikuwa wenye ujuzi wa miaka mingi, nao walishughulika kwa bidii kujaribu njia ile ile moja, wala hawakuona jinsi dakika zilivyokuwa zikienda. Muuguzi mmoja alileta vyombo vya kutoboa koo ili hewa ipite, akawaambia kuwa viko tayari; neno lake halikushika. Mwingine alikwenda kuomba kitanda katika wodi ya wagonjwa mahututi. Alipoona anatazamwa kama mtu aliyepapatika, akakifuta. Mama yule hakuamka, akafariki baada ya siku 13. Wauguzi waliijua dawa ya shida ile. Walichokosa ni njia ya kulisema neno lao likasikiwa.

Mume wa mama huyo alikuwa rubani wa ndege, na kwa hiyo alilitambua jambo lile mara moja, kwani marubani walikwisha kulipata fundisho hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi mwaka 1977, katika kisiwa cha Tenerife cha nchi ya Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani katika ukungu, wakafa watu 583. Katika moja ya ndege hizo, mhandisi aliuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka njiani. Nahodha, mtu mkuu na mwenye sifa, alijibu kwa mkazo kwamba imeondoka, akaendelea kukimbiza ndege. Mhandisi hakusema tena. Baada ya misiba ya namna hii marubani walianza kufundishwa mambo mawili: mdogo afundishwe kusema, na mkubwa afundishwe kusikia. Mume yule akatumia miaka yake iliyofuata kuwahimiza watu wa hospitali wajifunze vivyo hivyo.

Watu wa msikitini jambo hili halitugeni. Imamu akisahau rakaa, maamuma aliye nyuma, hata akiwa kijana na imamu akiwa shekhe mwenye mvi, humkumbusha kwa kumsabihi Mola. Na mwanamke humkumbusha kwa kupiga kofi. Akikwama katika kisomo, aliyehifadhi humfungulia. Hakuna anayeona kuwa imamu amevunjiwa heshima, wala maamuma hatoki safuni akaanza sala yake peke yake. Neno la kukumbusha lajulikana na wote, ni fupi, na kila mtu amefundishwa tangu utotoni kuwa ni haki kulisema. Imamu akibaini kosa, hurejea. Na safu hubaki safu. Kukumbushana huku hakumwondoi imamu mbele. Chumba cha upasuaji chataka adabu ya namna hiyo: mkubwa yupo, na amri ni yake, lakini njia ya kumkumbusha iko wazi na imekubaliwa kabla ya shida kuingia.

Wazee walisema mkubwa ni jaa. Maana yake, mkubwa hutupiwa kila neno, zuri na baya, naye hulipokea bila kukasirika. Daktari amkaripiaye muuguzi mbele ya watu kwa kuuliza swali hakumwadhibu muuguzi peke yake. Amewafundisha wote waliosikia kwamba siku nyingine wanyamaze. Na atakayelipa kunyamaza huko si daktari wala muuguzi, bali ni mgonjwa atakayekuja wiki ijayo, ambaye hakuwapo na hajui lolote.

Walakini mtu asidhani kwamba karatasi peke yake ina baraka. Mwaka 2014 wataalamu wa jimbo la Ontario nchini Kanada walichapisha khabari za hospitali 101 zilizoamriwa kutumia karatasi ile ile, na hawakuona tofauti kubwa ya vifo kati ya kabla na baada. Wengi walijadiliana sababu yake, na walikuwapo waliosema kuwa kuweka alama katika karatasi si sawa na kuzungumza. Nasi tunaofundisha watoto chuoni twalifahamu hilo: yuko mtoto ageuzaye ukurasa pamoja na wenziwe, na kumbe hajasoma herufi hata moja.

Amma sasa tuje kwetu sisi wa nyumbani, kwani tulisema mwanzo kwamba tumo katika jamaa hiyo. Mgonjwa wa hospitali zetu hufuatwa na ndugu. Ndugu huleta chakula, hununua dawa iliyokosekana, hutoa damu, hulala chini ya kitanda. Huo ni wema mkubwa. Lakini mkono usioambiana na mikono mingine huweza kuharibu kazi ya wote.

Mfano wa kwanza ni chakula. Mgonjwa ameambiwa asile kitu kwa kuwa asubuhi atapasuliwa. Shangazi aja na chupa ya mtori wa moto, amwonea huruma, ampa vijiko kadhaa kwa siri muuguzi asione. Yule shangazi hajui kwamba mtu akilazwa usingizi tumbo likiwa na kitu, chakula huweza kupanda kikaingia mapafuni, na huko kikamwua. Mtaalamu wa usingizi naye humlaza akiamini kuwa tumbo ni tupu. Mtori ni chakula chetu cha heshima, lakini una wakati wake. Na ikiwa umekwisha kumpa, basi mwambie muuguzi mara hiyo hiyo, usione haya. Upasuaji huweza kungojewa, na roho haina mbadala.

Mfano wa pili ni dawa za miti shamba. Yuko bibi ampaye binti yake dawa ya kienyeji ya kuzidisha uchungu wa uzazi, kisha akamwambia, "Usiwaambie wa hospitali, watakufokea." Mkunga akimtundikia dripu ya kuongeza uchungu bila kujua kuwa mwilini mna dawa nyingine ya kazi ile ile, mfuko wa uzazi huweza kupasuka, akafa mama na mtoto. Kumwambia mkunga ukweli si kumwaibisha bibi. Ni kumpa mkunga kipande chake cha mfongo kikiwa kizima.

Mfano wa tatu ni wa saumu. Mwenye ugonjwa wa sukari akifunga Ramadhani na hali anatumia dawa au sindano, yampasa kumwambia tabibu kabla ya mwezi kuandama, ili ajue kama kufunga kutamdhuru na dawa itapangwaje; na akilazwa hospitali, amwambie muuguzi. Kadhalika mwanamke apendaye kuhudumiwa na mwanamke mwenziwe, na aliseme jambo hilo mapema, akiwa bado mzima wa kuzungumza, wala si saa ya khatari wakati kila dakika ina thamani yake.

Juu ya hayo twawanasihi wenye nyumba mambo manne mepesi. Kwanza, chagueni mtu mmoja wa kusema na watu wa hospitali na kupeleka khabari nyumbani, ili muuguzi asiulizwe swali moja na watu kumi na kila mmoja akaondoka na jawabu lake. Pili, wekeni pamoja kadi za kliniki, barua za rufaa na vikasha vya dawa zote mgonjwa anazotumia, na mwende navyo. Tatu, mgonjwa akihamishwa, ulizeni kwa adabu: "Je, wa huko wameambiwa?" Na nne, mkiona jambo linalowatia shaka, semeni kwa upole; muuguzi mwema hachukii kuulizwa kama dawa hii ni ya mgonjwa huyu.

Na tuwaangalie pia wale tusiowasalimu. Mtu humpa daktari mkono wake wa kulia kwa taadhima, kisha akampita mwenye ufagio kama kwamba amepita nguzo. Na huyo mwenye ufagio ndiye azuiaye maradhi ya kitanda cha jana yasimwingie mgonjwa wa leo. Mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba mzee wa pembeni hajagusa uji wake, au kwamba chupa ya dripu imekwisha. Akiwa amezoea kudharauliwa, atafagia na kuondoka. Akiwa amezoea kusalimiwa, atamwita muuguzi.

Kwenu nyinyi vijana wetu, mnaosoma shuleni na chuoni, twasema hivi. Si kila mwenye kutaka kuwatumikia wagonjwa lazima awe daktari, na asiyepata udaktari hajapungukiwa kitu. Kazi ya uuguzi, ya ukunga, ya maabara, ya dawa, ya usingizi, ya mazoezi, ya ufundi wa viungo, zote ni mikono ya mwili mmoja, na mwili haufurahi jicho likiona na mkono usinyanyuke. Lakini mkienda huko, msichukue ujuzi wa vitabu pekee. Chukueni na tabia mbili: ujasiri wa kusema neno la kweli kwa adabu mbele ya aliyewazidi, na moyo wa kulipokea neno hilo litokapo kwa mliyemzidi. Tabia hizi hazifunzwi siku ya mtihani. Hufunzwa nyumbani, pale mtoto amwambiapo baba yake, "Baba, umesahau," na baba akajibu, "Ahsante, mwanangu," badala ya kumtazama kwa jicho kali.

Basi mtu wa kwenu akirejea kutoka hospitali, muulizeni daktari amesemaje. Hilo si baya. Kisha muulizeni pia: na muuguzi amesemaje? Na nyinyi, mmewaambia nini?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, na awape nguvu wanaokesha kwa ajili yao. Wabillahi tawfiq.